Herufi za kigothi kwenye tisheti, mabango na vyeti: zinafaa wapi, zinaharibu wapi?

Stika_Kondele

Wadau wa uchapaji, hamjambo. Niko Kisumu, nina kaduka ka stika, tisheti na mabango. Kuna kwaya inatimiza miaka 25 na wamenipa kazi yote: tisheti, bango la mita 3 na vyeti vya wanakwaya wakongwe. Kiongozi wao kanitumia picha ya kichwa cha gazeti la New York Times, anataka maandishi ya namna hiyo, yaani herufi za kigothi, zile nene zenye kona na ncha, kila mahali. Kifuani iandikwe MUUMINI MWAMINIFU, yote kwa herufi kubwa, na mgongoni mstari mzima wa Zaburi.

Nimepanga kwa Old English Text MT, ile tunayoipata pamoja na programu za Microsoft. Nikamwita kijana wa hapa dukani asome. Akaangalia, akageuza kichwa, akauliza kama ni Kiarabu.

Sitaki kumkatalia mteja, maana amelipa kianzio na ana haki ya kupenda anachopenda. Ila nataka nijue hizi herufi zina kanuni gani. Nani ana uzoefu nazo?

NganyaNax

Hizo ndizo herufi za maana, bwana. Nusu ya magari makali Nakuru yamechorwa hizo kwenye kioo cha nyuma. Nani alisema lazima zisomeke? Abiria anajua gari kwa muziki.

Mzee_Brashi

Kijana wa Kondele, nimechora mabango Nakuru tangu enzi za rangi ya mafuta na brashi, kabla ya hizi mashine zenu. Nisikilize.

Tatizo lako la kwanza ni hizo herufi kubwa. Herufi kubwa ya kigothi ilichorwa ili isimame peke yake mbele ya neno, ikifuatwa na ndogo. Ndiyo maana imejaa mapindo, vikia na mistari ya kurudiarudia ndani ya tumbo lake. Ukizipanga saba mfululizo kila moja inataka kuwa bwana harusi. Andika *Muumini Mwaminifu*, M mbili kubwa na zilizobaki ndogo, halafu umwite tena huyo kijana.

La pili, neno lenyewe ni mtihani. Chukua karatasi uhesabu mistari ya wima katika "muumini": m ina mitatu, u miwili, u tena miwili, m mitatu, i mmoja, n miwili, i mmoja. Jumla 14. Yote unene mmoja, urefu mmoja, nafasi ya katikati ileile. Katika aina hii ya gothi, u na n zinatofautishwa na kiunganishi chembamba kama unywele, juu kwa n, chini kwa u. Wino ukivuja kidogo, kiunganishi hakionekani na umebaki na mistari 14 imesimama foleni. Kinachookoa ni zile nukta mbili za i. Na nukta yenyewe ilianza hivyohivyo: waandishi wa Kilatini wa zamani waliweka kimstari juu ya i ili isimezwe na m, n na u za pembeni.

Kiswahili kimejaa m, n, u na i kuliko Kiingereza. Kwa hiyo fonti inayosomeka vizuri kwenye gazeti la New York inaweza kukuaibisha Kisumu.

Stika_Kondele

Mzee asante. Nimebadilisha sasa hivi, M kubwa mbele tu. Kijana kasoma "Mwaminifu" bila shida. "Muumini" kasita kidogo lakini kafika.

Neema_wa_Milimani

Samahani mimi si wa fani, lakini hizo si herufi za wale waimbaji wa roki wenye mafuvu? Kwaya ikivaa hivyo kanisani, wazee watauliza maswali. Kuna watu huku wakiona tu herufi zenye ncha wanaanza kusema mambo ya majini.

Mwalimu_Lurambi

Mulembe nyote. Dada Neema, waambie wazee Biblia ndiyo iliyozitangulia hizo bendi. Kitabu kikubwa cha kwanza kuchapwa Ulaya kwa herufi za madini zinazohamishika ni Biblia ya Kilatini ya Johannes Gutenberg, mjini Mainz, iliyokamilika kufikia 1455, na ilichapwa kwa gothi ya aina inayoitwa textura. Nakala zinakadiriwa kuwa kama 180, safu mbili kila ukurasa, mistari 42 katika kurasa nyingi. Gutenberg hakubuni sura ya herufi hizo. Alichukua mwandiko ambao vitabu vya ibada vilikuwa vikiandikwa kwa mkono akautengenezea kalibu. Alitengeneza herufi na alama karibu 300 tofauti, kwa sababu alitaka herufi nyingine ziungane na nyingine zipungue upana, ili kila mstari uishie sawasawa pembeni.

Mwandiko huo ulianza karne ya 12, kaskazini mwa Ufaransa na nchi za jirani. Kabla yake watu waliandika kwa mviringo, mwandiko uliosambazwa wakati wa Charlemagne, mfalme wa Wafaranki. Kisha shule na vyuo vikuu vikaongezeka, vitabu vikatakiwa vingi, na ngozi ya kuandikia haikuwa rahisi. Herufi zikabanwa zikawa nyembamba na zenye kona, maneno mengi yakaingia ukurasa mmoja.

Wasomi wa Italia hawakuzipenda. Waliziona za kishenzi, wakazihusisha na Wagothi walioiangusha Roma, ingawa Wagothi hawakuwa na uhusiano wowote nazo. Wao wakarudia mviringo, na huko ndiko zilikotoka herufi za kawaida tunazosoma leo. Uingereza iliendelea na gothi muda mrefu zaidi. Biblia ya Mfalme James ya 1611, toleo la kwanza, maandishi yake makuu ni gothi. Na hapa kuna jambo zuri kwako Kondele: gothi haina herufi za mlalo, yaani zilizoinama za italiki. Basi maneno ambayo watafsiri waliyaongeza wenyewe ili sentensi ikamilike yaliwekwa kwa herufi ndogo za kirumi, zile za kawaida, katikati ya gothi. Yaani tangu wakati huo wachapaji walijua kuchanganya aina mbili kwenye ukurasa mmoja, kila moja na kazi yake. Hiyo Zaburi ya mgongoni iweke kwa herufi za kawaida. Hakuna mtu atasoma mstari wa maneno kumi na tano ya kigothi kwenye mgongo unaotembea.

NganyaNax

Mwalimu umetoa darasa lote hapa. Lakini si hizo pia ndizo herufi za Hitler?

Mwalimu_Lurambi

Swali zuri, na jibu lake linashangaza wengi. Wajerumani ndio walioshikilia gothi kwa muda mrefu kuliko wote, hasa aina ya fraktur, iliyotokana na vitabu vya Mfalme Maximilian wa Kwanza mwanzoni mwa karne ya 16. Magazeti, riwaya, vitabu vya shule, vyote fraktur mpaka karne ya 20. Wanazi mwanzoni waliziita herufi za Kijerumani halisi wakazisifu. Halafu tarehe 3 Januari 1941, Martin Bormann, kigogo wa chama cha Nazi, akatoa waraka kwa niaba ya Hitler akizipiga marufuku, eti ni herufi za Kiyahudi. Madai hayo hayana ukweli hata chembe. Kichekesho ni kwamba kichwa cha karatasi ya waraka huo kilichapwa kwa fraktur.

Pamoja na hayo, watu wa siasa kali za kibaguzi Ulaya bado wanazitumia, kwa hiyo ukimbunia nembo mteja ambaye atauza bidhaa Ujerumani, mwambie mapema. Kwa kwaya ya Kisumu, sioni shida yoyote.

Atieno_Darizi

Mimi nadarizi masweta ya shule na majoho ya kwaya, kwa hiyo nitaongea upande wa uzi na sindano. (Omera Kondele, wakitaka majoho pia, niko hapa.)

Mashine inapenda mistari minene ya gothi. Ile mistari ya wima inajaa vizuri, inang'aa, inaonekana ghali. Balaa ni vile viunganishi alivyotaja mzee. Mstari mwembamba chini ya milimita 1 mashine inaushona lakini unazama ndani ya kitambaa, hasa sweta. Unabaki na vijiti vimetengana. Kwa hiyo kifuani, ukubwa wa kawaida wa beji, mimi hukataa gothi ya neno zima. Natengeneza herufi moja kubwa ya kwanza kama nembo, sentimita 6 au 7, jina la shule chini yake kwa herufi za kawaida. Inatoka safi kila mara.

Na mtu akitaka lazima, namchagulia fonti yenye tofauti ndogo kati ya mnene na mwembamba. Old English ina tofauti kubwa mno.

Stika_Kondele

Atieno nitakutafuta. Upande wangu tisheti ni za skrini na stika ni za plota, mashine ya kukata stika. Niliyoyaona: kwenye skrini, matundu madogo ndani ya a na e yanaziba rangi ikiwa nzito. Kwenye plota, zile ncha za almasi juu na chini ya kila mstari zinanyanyuka ukianza kung'oa mabaki. Stika ya boda iliyoandikwa kigothi baada ya mvua mbili za Kisumu inaanza kuchanua kama maua.

Mzee_Brashi

Hizo ncha usizichukie, ndizo zinazokuonyesha herufi ilitoka wapi. Gothi inatokana na kalamu ya ncha bapa iliyoshikwa kwa pembe ya nyuzi kama 45, na ukiishika bila kuizungusha, ukigusa tu karatasi unapata almasi. Vuta chini unapata mstari mnene. Sukuma kuelekea juu kulia unapata ule unywele. Herufi nzima ni almasi, mstari, almasi. Hakuna mviringo, hata o ni mistari miwili iliyofungwa juu na chini.

Kanuni kubwa ambayo kompyuta inawafanya msahau ni hii: nafasi nyeupe ndani ya herufi iwe sawa na unene wa mstari mweusi, na nafasi kati ya herufi na herufi iwe hivyohivyo. Weusi na weupe zilingane. Ndiyo maana mtu anayetanua herufi za gothi ili zijaze bango ananiudhi. Zikiachana, neno linavunjika, macho hayajui pa kushika. Bango la mita 3 lina maneno mawili? Kuza herufi, usitanue nafasi.

Fonti_Bure

Mzee una mwenzako. Kuna usemi maarufu wa wabunifu, huwa unahusishwa na Mmarekani Frederic Goudy aliyebuni Goudy Text miaka ya 1920, kwamba mtu anayeweza kutanua herufi za gothi anaweza hata kuiba kondoo.

Mwalimu_Lurambi

Huku kwetu angeiba kuku.

Lakini tusimkandamize kila mtu. Wajerumani wenyewe walitanua fraktur kwa makusudi. Kwa kuwa hawakuwa na herufi za mlalo, neno walilotaka kulisisitiza walilipangia nafasi kubwa kati ya herufi. Katikati ya ukurasa uliobanana, neno hilo linaonekana mara moja. Kwa hiyo kutanua kuna kazi yake, ila si kazi ya kujaza bango.

Mzee_Brashi

Hao walikuwa na ukurasa mzima wa kulinganisha. Bango lina maneno mawili. Nimesema.

Fonti_Bure

Ngoja niwaongezee upande wa fonti zenyewe, maana naona watu wanazunguka na Old English peke yake.

Kwanza onyo kwa wanaoanza: ukitafuta kwenye kompyuta neno "Gothic" utaletewa Century Gothic, Franklin Gothic na jamaa zao. Hizo ni herufi laini zisizo na vikia, hazina hata kona moja ya tunachozungumzia. Tafuta kwa "blackletter", "Fraktur" au "Old English".

Za bure na halali kwa biashara, zote ziko Google Fonts: UnifrakturMaguntia ni fraktur ya kitabu, nzuri sana lakini ya Kijerumani kabisa. UnifrakturCook ni nene, ya kichwa cha bango tu. Pirata One imerahisishwa, mistari michache, ndiyo ningempa Kondele kwa tisheti. Grenze Gotisch ni ya kisasa na ina uzito kadhaa, kutoka mwembamba hadi mnene kabisa. Hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda kwa Kiswahili, kwa sababu n na u zake hazifanani sana na herufi kubwa zake ni za kawaida kiasi.

Tahadhari na fraktur halisi. K kubwa inafanana na R, A kubwa inafanana na U, B na V ni mapacha. Andika Kisumu, mtu asiyezoea atasoma Risumu. Bungoma itakuwa Vungoma. Na k ndogo ina kitanzi kinachoifanya ionekane t au f, sasa fikiria sentensi ya Kiswahili isiyo na k. Pia kuna s ndefu ya zamani inayofanana na f. Ukiiwasha bila kujua, "sisi" inasomeka "fifi".

Tena, majina ya huku yana ng' yenye kibanio. Fonti nyingi za kupakua ovyo hazina alama hiyo. Ukiandika Nyang'oma unapata kisanduku katikati. Jaribu kabla hujamwonyesha mteja. Na ukipeleka faili duka la jirani kuchapa, geuza maandishi yawe mchoro kwanza, la sivyo kompyuta yao itaweka fonti nyingine na utajua siku ya kuchukua mzigo.

Wuod_Dunga

Mimi huwa naandika jina langu la Facebook kwa hizo, 𝔚𝔲𝔬𝔡 𝔇𝔲𝔫𝔤𝔞. Hiyo inahesabika?

Fonti_Bure

Hiyo si fonti kabisa. Hizo ni alama za hesabu. Wanahisabati hutumia fraktur kutaja vitu fulani kwenye aljebra, ndiyo maana mwaka 2001 ziliingizwa kwenye Unicode, orodha ya herufi na alama zote za kompyuta, kila moja na namba yake mbali na herufi za kawaida. Watu wakaziona wakazifanya mapambo. Tatizo ni kwamba mtu akikutafuta kwa kuandika Wuod Dunga kawaida anaweza asikupate, na programu zinazowasomea wasioona zinaweza kuziruka au kuzitaja moja moja kama alama za hesabu. Kwa jina la utani sawa. Kwa ukurasa wa biashara, acha.

Jiwe_Kaburi

Na sisi wa mawe ya makaburi mmetusahau. Gothi kwenye marumaru ndiyo inaombwa kuliko zote huku Kakamega, na kwenye zile programu za mazishi pia. Mimi nakubali jina la marehemu tu. Tarehe sichongi kigothi hata nikilipwa mara mbili. Tarakimu za fonti nyingi hizi zimepinda, 1 na 7 zinakaribiana, 3 na 5 zinachanganya, na juu ya jiwe hakuna kufuta. Mwana wa marehemu akija kulalamika kuhusu mwaka wa kuzaliwa wa babake, utamweleza nini?

Chini ya ukubwa wa sentimita 3 sichongi gothi pia. Vumbi na ukungu vinajaa kwenye zile kona, baada ya misimu michache ya mvua jina linakuwa doa jeusi.

Neema_wa_Milimani

Nilikuja kwa mshangao wa mafuvu, nimebaki kusoma yote. Lakini bado sijaelewa kitu kimoja. Kama hazisomeki, kwa nini kila cheti na kila gazeti kubwa la wazungu linazitumia?

Mwalimu_Lurambi

Kwa sababu cheti hakisomwi, kinaangaliwa. Uingereza ilipoacha gothi kwa vitabu vya kawaida, iliendelea kuitumia kwenye sheria na hati rasmi kwa muda, kwa hiyo jicho la watu likazoea kwamba herufi hizi ni za serikali, kanisa na mahakama. Magazeti nayo yakachukua kwa ajili ya jina tu: New York Times, Washington Post, Daily Telegraph. Fungua ndani uone kama kuna habari hata moja ya kigothi. Halafu Los Angeles, vijana wa asili ya Meksiko wakazichukua kwenye kuta, magari na chale za mwili, hip-hop ikazipata huko, na ndiyo zikafika kwenye kioo cha nyuma cha gari la NganyaNax. Njia mbili tofauti kabisa, cheti na mtaa, na zote zinatafuta uzito uleule.

Stika_Kondele

Nimerudi. Nimekaa na mteja leo. Tisheti: *Muumini Mwaminifu* kwa Pirata One, upana wa sentimita 28, mistari miwili ili herufi ziwe kubwa. Zaburi mgongoni kwa herufi za kawaida, hapo alibisha kidogo mpaka nilipomchapia zote mbili kwenye karatasi nikazibandika mlangoni, akavuka barabara akasoma kutoka ng'ambo. Akarudi bila neno. Vyeti: neno *Cheti* tu kwa Old English juu, majina ya wanakwaya kwa mkono. Bango jina la kwaya kwa gothi, tarehe na mahali kwa herufi za kawaida, nyeusi juu ya krimu.

Mambo ya dhahabu inayong'aa juu ya zambarau nimekataa mwenyewe, hamkuniambia.

Atieno_Darizi

Umefanya vema. Majina kwa mkono, nani ataandika?

Stika_Kondele

Hapo ndipo nilitaka kuuliza. Nina kalamu ya ncha bapa ya milimita 2. Mzee, herufi ndogo ziwe na urefu gani?

Mzee_Brashi

Kwa textura, mwili wa herufi ndogo uwe kama upana wa ncha mara tano. Kwa kalamu yako ni milimita 10, kubwa mno kwa cheti cha A4 chenye majina matatu ya mtu wa huku, hasa la kati likiwa refu. Tafuta ncha ya milimita 1. Piga mistari ya penseli, uandike jina moja mara kadhaa kwenye karatasi ya kawaida kwanza. Usizungushe kalamu.

NganyaNax

Mzee Brashi, kumbe uko Nakuru hapahapa. Nina boneti inataka kazi kama hiyo, maneno kama manane hivi.

Mzee_Brashi

Lete gari likiwa limeoshwa na halina nta. Maneno manane nenda kwa mwingine. Mawili nachora, kianzio nusu.

NganyaNax

Matatu?

Mzee_Brashi

Yataje kwanza nihesabu m na n.